Somo Yangu, Madaftari Yako Sinayo

Somo yangu Mariamu,

Ujumbe wako ulinikuta ofisini, kengele ya saa nne imeshalia na kikombe cha chai kiko mkononi. "Somo, salama? Chuo wamekubali niirudie ile kazi, ila safari hii kwa maneno yangu mie mwenyewe. Yale madaftari yangu matano bado unayo? Nikipata mtu wa kuja Kibiti ntamwagiza ayapitie." Niliusoma mara tatu. Kisha nikailaza simu kifudifudi mezani, nikaenda kugombana na walimu wa zamu kuhusu vyoo.

Leo ni siku ya kumi na tisa sijakujibu. Najua Salale mtandao ni wa kuvizia, na pengine umejiambia ujumbe haukufika. Ulifika, somo. Jibu lake ni neno moja: sinayo. Ningeweza kukutumia neno hilo siku ileile kabla chai haijapoa, lakini lingekufikia peke yake, bila kusema madaftari yalikwenda wapi na nani aliyapeleka huko. Mimi nimekwisha kukukatia maneno ya kutosha. Leo nayaacha yawe mengi.

Na naiandika barua hii wazi, iwafikie na wengine, kwa sababu watu wa aina yangu tuko wengi na tumeshika kalamu nyekundu. Unanijua. Mimi ni mtu ninayesahihisha kadi za harusi kabla sijauliza harusi ni lini. Nimewahi kumsimamisha fundi rangi barabarani hapa Kibiti, yuko juu ya ngazi, nikamwambia "vinginevyo" ni neno moja. Kwa miaka mingi nilidhani huo ni wema.

Wewe ndiye wa kwanza kunionyesha kwamba si mara zote. Unakumbuka semina ile ya walimu, siku ya kwanza tunakutana? Mratibu alikuwa anaita majina, akasema "Maria", ukaitika wewe, akasema hapana, Maria yule wa sekondari, aliyetoka Songea. Ukageuka kwenye kiti chako na buibui lako la zambarau, ukapiga makofi kabisa. "Kumbe nawe Maria? Basi weye somo yangu!" Nami, badala ya kushika mkono niliopewa, nikasema mbele ya watu wote: "Somo langu. Somo liko kwenye ngeli ya ji-ma." Chumba kizima kikaangua kicheko. Walimu wa pwani walicheka hadi mmoja akatoka nje. Wewe peke yako hukucheka. Ulininong'oneza polepole, kama unamfundisha mtoto wa darasa la kwanza: "Somo langu ni Hisabati. Somo yangu ni weye."

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Nilikuwa na shahada mbili za lugha na sikujua kwamba huku watu wenye jina moja huitana somo, na kwamba mtu akishakuwa somo yako mnakuwa ndugu. Mchana ule ulinigawia nusu ya samaki wako. Tangu siku hiyo sijawahi kukuita jina lako isipokuwa kwenye karatasi, na mara moja kwa mdomo, nitakayoitaja.

Miaka iliyofuata ulikuwa ukija kwangu kila ukipata Jumamosi. Boti kutoka Salale hadi Nyamisati, halafu pikipiki kupitia Ruaruke, unafika umejaa vumbi hadi kwenye kope, na kwenye mfuko wa rambo kuna kamba waliochemshwa kwa chumvi. Krismasi ulinisaidia kukaanga maandazi, Idi nikaja kwenu nikala biriani mpaka nikalala mkekani. Mama yako alikuwa akinitania kwamba mtu wa bara hajui kula wali, anaula kama ugali, anafinyanga. Ulipoanza masomo ya uzamili nilifurahi kuliko wewe. Mwalimu wa shule ya msingi kutoka Delta, kule mto unakoingia baharini, anaandika tasnifu, tena kwa Kiswahili, tena kuhusu mama zake mwenyewe: jinsi wanawake wa Salale wanavyofundishana kilimo cha mpunga kwa mazungumzo. Nilisema nitakusaidia. Hilo neno "nitakusaidia" nimelirudia kichwani siku hizi kumi na tisa.

Ulinipeleka kwanza nikaone. Nilishukia kwenye tope na viatu vyangu vya ofisini, nikapanda dungu la Bi Tatu, mkulima mkongwe wa kwenu, kwa ngazi ya vijiti huku nimefumba macho. Bi Tatu alikuwa ameketi juu pale, kibanda kimesimama kwa miguu yake katikati ya mpunga, anaamia ndege wasiule mpunga na kutafuna kitu. Ukamwambia huyu ni somo yangu, anataka kusikia habari za kilimo. Akanitazama, akaanza. Tukishaotesha miche, akasema, tunangoja. Akanyamaza. Mimi nikaketi kimya, mikono mapajani, kama nilivyofundishwa nyumbani kwamba mkubwa akisema mdogo hanyanyui mdomo. Akasema tena: tukishaotesha miche tunangoja. Nikatikisa kichwa kukubali. Akarudia mara ya tatu, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba nasikia kwa shida.

Tukiwa kwenye mtumbwi wa kurudi nilikuuliza kwa nini bibi wa watu anarudiarudia vile, ni uzee? Ulicheka ukashika tumbo. "Alikuwa akikungoja weye, somo. Hukuitika." Ukanieleza kwamba huku msikilizaji ana kazi yake. Msemaji akifika mahali, hulishika tena neno la mwisho na kulinyoosha kwako, nawe unasema "ehe", ndipo anaendelea. Usiposema, anajua umebaki nyuma, naye hawezi kwenda akakuacha. "Akisema mara ya pili hakwambii," ulisema, "anakuuliza kama uko naye."

Nilielewa, somo. Hilo ndilo linaloniuma. Nilielewa vizuri kabisa, nikalisimulia hata kwa walimu wenzangu kama kichekesho changu mwenyewe. Kisha yalipokuja madaftari yako sikukumbuka chochote.

Yalikuwa matano, yale makubwa ya kaunta buku yenye jalada gumu, umeyaandika kwa mkono kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, mwandiko wako wa mviringo unaolalia kushoto. Uliniwekea mezani ukasema, "Haya mwalimu, nitazamie." Nilifungua la kwanza, nikaona aya inaanza "Kule Salale". Nikafungua katikati: "Mwezi ukishaandama". Kila aya ilianza na mahali au wakati, kisha watu wakaingia, kisha wakafanya kitu, kisha sentensi iliyofuata ikaanza na kile kitu walichokifanya, kwa "wakisha" na "akisha" na "walipokwisha". Hoja yenyewe, lile jambo unalotaka kulithibitisha, ilikuja chini kabisa, mwisho wa sura, wakati msomaji ameshawaona wote na kuwasikia wote.

Nikachukua kalamu nyekundu. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza niliandika: "Unarudia." Wa pili: "Unarudia." Kufikia wa kumi nilikuwa naandika herufi moja tu, U, nimeizungushia duara.

Nilikata kila "wakisha". Hoja niliitoa mwisho nikaiweka mbele: "Sura hii inajadili mbinu nne za ufundishaji usio rasmi." Na watu niliwatoa. Ulikuwa umeandika, "Bi Tatu, aliyelima hapa tangu kabla ya mimi kuzaliwa, anasema hivi." Nikaandika, "Ilielezwa kwamba." Ulipokuja Jumamosi ulifunua ukurasa baada ya ukurasa. Kisha ukaweka kidole pale.

"Mbona umemtoa Bi Tatu? Ilielezwa na nani?"

"Ndivyo kazi za kitaaluma zinavyoandikwa."

"Bila mtu?"

"Mtu anawekwa kwenye mabano mwishoni."

Ulitabasamu kidogo. "Na hii hoja, mbona umeianzisha juu? Kwetu mtu akitoa hukumu kabla ya shauri, ujue kaja kugombana."

Nikakwambia msomaji wa chuo hana muda wa kuzungushwa. Ukasema, "Kama hana muda, kasoma ya nini?" Nikacheka, lakini nikashikilia. Nilikwambia, na maneno haya nayakumbuka yote, "Mariamu, wanaokusahihisha hawatoki Salale." Nilikuita Mariamu. Ulitazama chini, ukasema, "Haya. Weye ndo mtu wa lugha." Kisha ukaenda jikoni kuchuja nazi.

Nikueleze nilikoyatoa hayo, si kwa kujitetea. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilipeleka insha iliyoanza na bibi yangu wa Songea na moto wake na jinsi alivyotuketisha. Bibi naye alikuwa mtu wa kuzunguka. Alianza habari kutoka kwa waliofariki ndipo akafika kwa walio hai. Mhadhiri akaniandikia juu kwa wino mwekundu: "Hoja iko wapi?" Aliisoma insha hiyo mbele ya darasa, akageuza kila aya kichwa chini miguu juu, na wenzangu wakacheka. Nilijifunza siku ile. Nilijifunza vizuri mno. Vitabu tulivyosoma vilikuwa vya Kiingereza, na namna ya Kiingereza ya kupanga hoja tuliichukua tukaiita akili. Sikuwahi kujiuliza kama inaweza kuwa desturi tu, kama mtu wa huku anavyovua viatu mlangoni na mtu wa kule anaingia navyo. Aibu ile niliibeba miaka yote, na nilipopata mtu wa kumpa, nikampa mtu ninayempenda.

Mwaka juzi nilikaa kwenye mafunzo ya walimu, na mwezeshaji mmoja akatuwekea ukutani aya mbili zenye habari moja. Moja ilianza na hoja, nyingine ilianza na mahali na watu ikafika kwenye hoja mwisho. Akatuuliza ipi imeshikamana. Wote tukanyoosha mkono kwa ile ya kwanza. Akasema zote mbili zimeshikamana, ila kila moja imefungwa kwa kamba ya kwao, na kwamba wako watu duniani, wasomi wa vitabu vizito, ambao wakisoma hoja iliyotangulizwa mbele huona mwandishi hana adabu. Watu wakaandika kwenye madaftari yao. Mimi sikuandika. Niliwaza kidole chako juu ya neno "ilielezwa", nikaomba ruhusa nikatoka nje.

Ulipokwenda Dar es Salaam kuitetea kazi, nilikupigia pasi gauni mwenyewe. Nilikuwa nimeichapa yote kwenye kompyuta ya shule, imenyooka, hakuna "wakisha" hata moja. Nilijiona nimekujengea nyumba. Uliporudi, pikipiki yako ilipita barabarani mbele ya nyumba yangu, nikakuona kwa macho yangu, nimesimama na mwiko mkononi, wali wako uko jikoni. Hukusimama. Nilipopiga simu ulisema, "Salama, somo. Nimechoka tu." Baadaye ukasema kazi imekataliwa. Nikauliza kwa nini. Ukasema, "Wanasema haikukaa sawa." Basi. Hukuja tena Jumamosi ile, wala iliyofuata.

Nilikukasirikia. Ndiyo, mimi. Nilisema moyoni nimekesha na kazi yake, nimeharibu macho yangu, na kwaheri yenyewe hanipi. Nilisema nilimweleza vizuri, na labda bado akaenda kuharibu kwa mdomo. Nikaacha kupiga. Tukawa watu wa "Idi njema" na "Krismasi njema", mwaka baada ya mwaka, miaka minane.

Halafu mwaka jana, kwenye kituo cha kusahihisha mitihani, nikajikuta nakula meza moja na mzee aliyekuwa msimamizi wako. Sasa amestaafu, anaongea bila breki. Hakunijua mimi ni nani kwako. Nilisema tu ninatoka Kibiti, akasema, aa, tuliwahi kuwa na mama mmoja wa huko Delta. Kazi yake ilikuwa safi, ya kizungu kabisa, lakini tulipomwuliza maswali alijibu kwa mdomo namna nyingine. Tunamwuliza mbinu ya pili, yeye anaanza na mto. Tunamwuliza hitimisho, yeye anasema kule Salale. Tukaona aliyeandika siye anayesema. "Tulimwuliza mara tatu kama kuna aliyemsaidia," yule mzee akasema huku akichokonoa meno. "Akasema hakuna. Ni yeye peke yake. Basi tukamrudisha, tungefanyaje? Inasikitisha. Alivyosema ilikuwa nzuri kuliko alivyoandika."

Somo yangu, walikuuliza mara tatu.

Unajua na najua kwa nini hukunitaja. Mwaka ule jina langu lilikuwa limepelekwa ili niwe mkuu wa shule. Nilikuwa nimekwambia mwenyewe, nikakuomba uniombee dua, na ukaniombea. Mwalimu aliyemwandikia mtu tasnifu asingepewa shule. Wewe ulisimama mbele ya wale watu, wamekuita mwongo kwa lugha ya adabu, ukanywea. Mimi nikapewa shule. Nina ofisi yenye feni na bendera mlangoni, na ujumbe wako wa kuuliza madaftari ulinikuta ndani ya ofisi hiyo.

Na siku ile mezani, na yule mzee, kinywa changu kilikuwa na chapati na nafasi ya kusema ilikuwa wazi kabisa. Sikusema. Nilisema, "Kweli inasikitisha." Hilo nalikiri kwako kwa uchungu kuliko mengine, kwa kuwa kosa la kwanza nililifanya kwa ujinga, na hilo nililifanya kwa akili yangu timamu.

Sasa madaftari.

Kazi ilipokwisha kuchapwa, uliyaacha kwangu. Ulisema, "Yaweke, somo, nyumba yangu inavuja." Niliyaweka kwenye boksi jikoni, nyuma ya gunia la mkaa. Machoni pangu yalikuwa rasimu, na rasimu ikishatoa kazi safi imemaliza kazi yake. Nilipohamia nyumba ya mkuu wa shule nilihama na boksi lile bila hata kulifungua. Masika ile mkaa ulilowana. Asubuhi moja niliingiza mkono nyuma ya gunia nikitafuta karatasi ya kuwashia jiko, nikakuta la kwanza. Nilichana kurasa tatu. Kesho yake tatu nyingine. Karatasi za kaunta buku ni nzito, zinashika moto vizuri na hazitoi moshi mwingi. Nakumbuka nililifurahia hilo. Sikuwa na hasira nawe asubuhi zile. Sikuwa na chochote. Nilikuwa na njaa ya chai. Yalichukua masika nzima, yote matano, na Bi Tatu na wenzake wote mle ndani na maneno yao kama walivyoyasema. Mwaka uliofuata ulinitumia ujumbe kwamba Bi Tatu amefariki. Nilikujibu "Inna lillahi", nikajisifu kwamba nimeiandika bila kosa. Sikuunganisha jambo hili na lile.

Wiki iliyopita nilikwenda chuoni kwako. Nilivaa gauni la kanisani, nikaketi kwenye benchi tangu asubuhi, nikawapa barua inayosema mimi, Maria, niliandika upya kazi ya Mariamu, sura zote, na kwamba yeye alikataa kunitaja. Sikuandika "iliandikwa". Wakaisoma, wakaniuliza kama najua maana yake kwa kazi yangu. Nikasema najua. Nakala nimepeleka kwa afisa elimu. Litakalokuja na lije. Walisema itawekwa kwenye jalada lako na kwamba itakusaidia, lakini yule binti wa masijala akaniambia kwa upole kwamba watataka kuona maandishi yako ya awali ili walinganishe. Nikashuka ngazi, nikapanda gari la Kibiti.

Sikuandikii uniambie "yamepita". Nakujua, utaliandika kabla hujamaliza kusoma, na nakuomba usiliandike. Nataka unikasirikie walau kwa muda wa masika moja.

Kuna kitu kimoja nimebaki nacho, na nilivyokipata ni aibu nyingine ambayo hukuwahi kuijua. Mwaka ule nilipokuwa nasahihisha, niliipenda aya yako moja kwa ubaya wake. Nilidhani ni mfano kamili wa kurudiarudia. Nikainakili kwenye karatasi, nikaipeleka darasani. Niliwaandikia kidato cha nne ubaoni, juu yake nikaweka maagizo: "Fupisha habari ifuatayo kwa maneno yasiyozidi ishirini." Sikuandika jina lako. Watoto wakafupisha. Nikaitumia mwaka uliofuata, na uliofuata, hadi nikawa naiandika bila kutazama karatasi. Kwa hiyo naijua kwa moyo, neno kwa neno. Madaftari matano yamekwisha, na kilichosalia ni hiki nilichokuwa nakichekea mbele ya wanafunzi. Nakurudishia kama kilivyokuwa:

"Kule Salale, mvua za juu zikinyesha, mto hushuka na maji matamu. Maji matamu yakishashuka, wanawake huyaonja. Wakishayaonja wakajua chumvi imekwenda, hungoja bamvua, yale maji makuu ya bahari, ipite. Bamvua ikishapita, huingia na miche kichwani. Wakishaingia na miche kichwani, hawapandi. Hutazama kwanza kaa wametoboa wapi. Wakishatazama, Bi Tatu humwita kwa jina yule aliye mdogo kuliko wote, na mdogo huitika. Akishaitika,"

Hapo ubao ulikuwa ukijaa. Yaliyofuata yalikuwa nyuma ya ukurasa ule wa daftari lako, na sikuwahi kuyanakili. Jana nimeifungua kazi ile niliyoichapa, nikatafuta mahali hapo. Niliandika hivi: "Kisha maelekezo hutolewa."

Maelekezo gani, Mariamu? Akishaitika, Bi Tatu alikuwa akimwambia nini?

Somo yako,
Maria